Hosteli ina AP nne (vifaa vya kurusha waifai) lakini watu wote wamejazana kwenye moja, nifanyeje?

fundi_dom
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nimekwama kweli. Nasimamia waifai ya hosteli moja ya wanafunzi hapa Dodoma, chini na ghorofa mbili juu yake, watu kama 140 hivi, fiber ya Mbps 50. Tuna AP nne za kubandika darini, AP1 iko mapokezi pale mlangoni kabisa, AP2 mwisho wa korido ya chini, AP3 ghorofa ya kwanza, AP4 ghorofa ya pili. Sasa ikifika saa tatu usiku wote wamesharudi, nikifungua kontrola (programu ya kusimamia AP zote) nakuta AP1 ina watu 58, AP2 ina 9, AP3 ina 11 na AP4 ina wanne. Wanne! Na huko ghorofa ya pili ndiko wanakokaa wengi.

Jana nikapanda hadi huko juu, kuna dada anajaribu kupandisha kazi ya chuo ya MB 6, kaduara kanazunguka tu. Kuangalia simu yake imeng'ang'ania AP1 kwa -76 (nguvu ya signali, ikikaribia sifuri ndo nzuri zaidi) wakati AP4 iko hatua chache nje ya mlango wake inasoma -49. Nikamzimia waifai nikamwashia, ikashika AP4, kazi ikapanda hata sijafika ngazini.

Nilichojaribu ni kuwasha ile setingi ya kugawa mzigo, nikaweka ukomo wa watu 30 kwa kila AP. Hapo ndo nikaharibu zaidi, simu zikaanza kuandika imeshindwa kuunganisha, matroni ananipigia saa nne usiku watu wamejaa mlangoni kwake, nikazima. Pawa zote nimeweka ya juu kabisa, chaneli oto, bendi ya GHz 2.4 upana MHz 40, majina ya waifai yako manne (wanafunzi, wanafunzi_5G, ofisi, kamera). Mwenye hosteli yuko tayari kununua AP mbili nyingine, ila mitihani inaanza wiki ijayo sitaki kubahatisha na hela ya mtu. Ninunue?

waya_mweusi
Mkuu watu 140 kwa AP nne ni wengi, ongeza hizo mbili tu halafu ukomo weka 60 usiwabane. Mi ofisini kwetu tulifanya hivyo tukatulia.

dada_mawimbi
Kaka @fundi_dom usinunue kitu kwanza. Ukiongeza AP mbili kwa setingi hizo hizo utakuwa na AP sita zinazoingiliana na AP1 bado itajaa, maana tatizo lako si idadi.

Shika hili kwanza, anayechagua AP ni simu, AP haichagui. Mwanafunzi anaingia getini simu inaisikia AP1 inaishika, anapanda ngazi mpaka juu bado inaisikia kwa sababu umeiwekea pawa yote, kwa hiyo simu haioni sababu ya kuhama. Shida ni kwamba AP yako huenda inatoa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 20 au 23, simu nyingi zinatoa kama 12 mpaka 15. Simu inaisikia AP1 vizuri lakini AP1 inaisikia simu kwa taabu, ndo maana huyo dada kupandisha kulikwama. Vile vimistari vya waifai kwenye simu vinaonyesha upande mmoja tu.

Na ule ukomo wa 30 ulivyofanya kazi ni hivi, simu ya 31 ikiomba kuingia AP inaikatalia, basi. Haiielekezi kwenda AP4. Simu inarudi kuomba pale pale mara kadhaa, ikichoka inaandika imeshindwa. Ukomo uwe kinga ya mwisho tu, weka hata 70 uusahau, kazi ya kugawa watu ifanywe na redio zenyewe.

Sasa redio. Kwenye 2.4 rudisha upana MHz 20 leo hii, usisubiri kesho. Chaneli zisizoingiliana huko ni tatu tu, 1, 6 na 11, na ukitumia MHz 40 umekula karibu bendi nzima peke yako. Una AP nne na chaneli tatu, kwa hiyo AP1 mpe 1, AP3 mpe 6, AP4 mpe 11, halafu AP2 zima redio ya 2.4 kabisa ibaki na bendi ya GHz 5 tupu. Najua inauma kuzima redio uliyolipia lakini AP mbili zenye chaneli moja zinazosikiana zinangojeana zamu, hazikuongezei chochote. Kwenye 5 nenda 36, 40, 44, 48, upana MHz 20 pia. Kabla watu hawajaniambia MHz 80 ndo kasi, simu yenye antena mbili kwa MHz 20 kwenye karatasi inafika Mbps 173, hata ukipata nusu yake fiber yenu ni 50 ya watu wote, hiyo kasi ya ziada mtaipeleka wapi.

Pawa: 2.4 shusha hadi kama dBm 8, ya 5 weka kama 14. Kila ukishusha 3 umekata nusu, kwa hiyo usiogope kuona namba ndogo. Tofauti ya 6 kati ya bendi hizo ni makusudi, ili simu ione 5 inavutia zaidi. Na futa hilo jina la wanafunzi_5G, libaki jina moja bendi zote mbili, ukiacha majina mawili simu inakwama kwenye lile ililolizoea.

Kingine ambacho wengi hawakiangalii ni kasi ya chini kabisa. Kila jina la waifai linatangazwa karibu mara 10 kwa sekunde, na tangazo linatoka kwa kasi ya chini mliyoruhusu, ambayo kwa 2.4 huwa Mbps 1. Kwa kasi hiyo tangazo moja linakula kama milisekunde 2. Chukua AP tatu zilizoangukia chaneli moja, majina manne, hayo ni matangazo 120 kwa sekunde, karibu robo ya muda wa hewani imekwisha na hakuna aliyefungua hata ukurasa. Panda hadi Mbps 12, zima 1, 2, 5.5 na 11. Kamera zipeleke kwenye kebo kama swichi ina nafasi, ubaki na majina mawili.

Fanya hayo mchana wakati watu wako chuo, usifanye usiku.

msa_kongowea
Nakubaliana na dada hapo juu kwa yote ila nimuongezee ndugu yetu kitu kimoja kabla hajakiona kwenye menyu akakiwasha kwa pupa. Kuna ile setingi ya kumtoa mtu signali ikishuka chini ya kiwango fulani. Mimi niliiweka -75 kwenye gesti moja huku Mji wa Kale Mombasa, nyumba ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe nene kweli, ukivuka ukuta mmoja tu kutoka -50 unakuta -70 na zaidi. Mgeni akiwa kitandani anasoma -77 na hana AP nyingine ya kwenda, AP inamtoa, simu inarudi, inamtoa tena, usiku kucha. Asubuhi anashuka analalamika simu yake imekufa chaji. Kwa hiyo kwanza tembea na simu chumba kwa chumba milango ikiwa imefungwa, andika kila chumba kinasoma ngapi kwa AP ya karibu. Ukikuta chumba kibovu kuliko vyote kinasoma -70 basi -80 inatosha kuwasukuma waliosahaulika. Kama kuna chumba kinasoma -80 usiiwashe kabisa.

La pili, usishawishike na chaneli 52 hadi 64 wala 100 hadi 144 kwa sababu ziko wazi. Hizo zinashirikiana na rada, AP ikiwaka inasikiliza dakika nzima kabla ya kutoa mawimbi, na ikidhani imesikia rada inahama hapo hapo na hairudi kwa nusu saa. Wakati wa mtihani hutaki hayo. Na hakikisha nchi umeseti sahihi.

AP zako ziko koridoni zote? Maana korido ni kama bomba, mawimbi yanatembea mbali kwa urefu halafu vyumbani yanaingia kwa shida.

fundi_dom
Ndio kaka zote koridoni, tulizikuta hivyo.

fundi_dom
Wakuu narudi na majibu baada ya siku sita. Nilifanya yote Jumanne mchana kama dada alivyosema, kamera nikazivutia kebo. Nikatembea vyumba vyote na daftari, matroni akanifungulia. Jana saa tatu usiku: AP1 watu 19, AP2 watu 17, AP3 watu 23, AP4 watu 27. Sijaweka ukomo wowote zaidi ya ule wa 70. Yule dada wa juu nimekutana naye ngazini, akanionyesha simu yake kabla sijamuuliza, AP4 kwa -56.

Kasoro ni vyumba viwili vya pembeni kabisa ghorofa ya pili, vinasoma -79 na -81 mlango ukifungwa. Nimepandisha AP4 bendi ya 5 kutoka 14 hadi 17, kimoja kimepata nafuu, kingine bado. Hiyo ya kutoa watu sijaiwasha kwa sababu hiyo.

Halafu AP4 ndo ina wengi sasa, nihangaike nayo?

dada_mawimbi
Hongera sana kaka, na hilo daftari litunze. Usihangaike na 27. Usihesabu vichwa, angalia asilimia ya matumizi ya chaneli kwenye redio, kontrola nyingi zinaionyesha. Watu 27 wanaosoma notsi ni mzigo mdogo kuliko watano wanaodaunlodi muvi. Ikiwa inakaa chini ya 50 saa tatu usiku, iache. Ikipita hapo kwa muda mrefu ndo uje tuzungumze.

Vyumba vya pembeni usivitibu kwa pawa, 17 mwisho hapo. Badala ya AP mbili mpya muombe mwenye hosteli kebo ya mita 20 tu, itoe AP4 koridoni uihamishie dari ya chumba kilicho katikati ya hivyo vibovu na vile vizuri, halafu pima tena milango imefungwa.

fundi_dom
Kebo ipo stoo dada, ilibaki ya kamera. Jumamosi nahamisha, mtihani wa kwanza ni Jumatatu.