Silaha ya SIRI inang'aaje ikiwa ndani ya fimbo?? DM wetu (msimamizi wa mchezo) kanimaliza

Wakuu nina hasira hapa hata kutaipu sitaipu vizuri, mnivumilie.

Tunacheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza karakta kwa kete) toleo la 3.5, lile la 2003. Karakta wangu ni mwizi, anatembea na mkongojo kama babu mgonjwa, ndani yake kuna upanga mwembamba. Nimebana hela sesheni tatu ili mchawi wetu autie uchawi wa +1 (nyongeza ya 1 kwenye kete za kupiga), basi, +1 tu. Upanga wa fundi stadi ni dhahabu 300 za ziada, vifaa vya uchawi 1,000, siku 2 za kazi, na mchawi mwenyewe akakatwa pointi 80 za uzoefu, alinung'unika mpaka akakera. DM kakaa anatuangalia tu, sawa sawa endeleeni.

Tumefika lango la kasri mlinzi anapapasa watu, nimerusha kete ya kuficha nimepata 24, yeye na ile +4 yake ya kupekua kapata 15, nimeshapita kabisa hapo, mara DM anarusha kete nyuma ya makadi yake, anacheka, eti asilimia 30 ya silaha za uchawi zinatoa mwanga kwahiyo mkongojo wako unang'aa. UNANG'AA. Futi 20 kila upande, kupitia kwenye mti!!

Hiyo 30 ipo, sikatai. Ila kanuni inasema silaha ya hivyo haifichiki IKISHACHOMOLEWA. Yangu ilikuwa kwenye ala, mti umeizunguka yote, mwanga ulipitia wapi? Halafu kwanini hakurusha siku ile mchawi anamaliza kazi? Kwani mimi nimebeba tochi wiki nzima nisione? Kitabu hakijasema silaha ya kujitengenezea inarushiwa kete au fundi ndo anaamua, hapo kuna shimo kweli, sasa si unaongea na watu mapema bana, sio unasubiri mtu afike langoni.

Angenikamata kwa mchawi wa lango anayenusa uchawi ningenyamaza, maana ule uchawi wa kunusa unapenya mbao hadi futi 3, fimbo itazuia nini. Na nilishajipanga, nilitaka ndani niweke bati jembamba la risasi (madini jamani sio ya bunduki) linazuia kabisa, akakataa, eti fimbo itakuwa nzito watashtuka. Bati JEMBAMBA.

Kilichonimaliza, baadaye ananiambia eti fimbo na upanga ni vitu viwili ningelipia uchawi mara mbili, kama silaha ya ncha mbili. Ala imekuwa ncha lini? Nikimtandika mtu na ule mti ni mti wa kawaida, sijawahi kudai +1 hapo.

Sasa nyie mezani kwenu mnaamuaje hii ya mwanga? Tunacheza tena Jumamosi, karakta yuko selo, upanga wanao walinzi, na mchawi anataka pointi zake 80.