Ulezi mwitu unapona glifosati: tuongeze dozi, tubadili dawa, ao jembe?

Mkulima_Kasenga: Mashamba ya mahindi ya barabara ya Kasenga, Lubumbashi. Dawa ya magugu glifosati, gramu 360 kwa lita, napiga lita 3 kwa hekta kabla ya kupanda. Majani mengine yanakauka, ulezi mwitu unabaki kijani, shina bapa, jeupe pale chini. Dozi zaidi, dawa nyingine ya nikosulfuroni, ao kupalilia?

Fundi_Mbegu: Papa, usiongeze dozi. Glifosati inaua kwa kuziba kimeng'enya cha mmea kinachoitwa EPSPS; kimeng'enya hicho kikibadilika umbo, dawa haikishiki vizuri, na huo ndio usugu. Malaysia usugu wa ulezi mwitu uliripotiwa 1997: kwenye mnyororo wa kimeng'enya hicho, nafasi ya 106, kiungo cha prolini kimegeuka serini. Badiliko hilo peke yake ni usugu mdogo. Baadaye, kulekule, ikapatikana mimea yenye badiliko la pili, nafasi ya 102, treonini kuwa isoleusini. Yenye yote mawili haifi hata kwa dozi ya kutisha. Kwa hiyo dozi kubwa inafanya kazi ya chekeche: inaondoa dhaifu, inakuachia mbegu za ile mbaya.

Yaya_Kipushi: Kabla ya jeni, angalieni maji. Glifosati inanata kwenye udongo wa mfinyanzi. Maji mekundu ya mfereji yanaimaliza nguvu ndani ya pampu. Kwa lita 200 za maji kwa hekta, pampu ya lita 16 inataka mililita 240 za dawa.

Kisha pimeni kama ni usugu kweli. Chukua mbegu za mimea 30 iliyopona, na nyingine mahali pasipowahi kupigwa dawa. Zikwaruze kwa msasa, la sivyo zinalala. Zipande kwenye vikopo. Zikifikisha majani 3, piga glifosati kwa dozi sufuri, nusu, kamili na mara mbili. Soma siku ya 21. Zikifa zote sawasawa, kosa lilikuwa kwenye upigaji.

Labo_Kasapa: Kipimo cha DNA si kingeleta jibu mapema?

Fundi_Mbegu: Mapema, ndiyo, ila kinasoma sehemu chache za jeni moja. Mmea unaopona kwa njia nyingine kitaupita. Vikopo haviupiti.

Nikosulfuroni inapiga kimeng'enya kingine, ALS, chenye jeni nyingine kabisa, hivyo badiliko la 106 haliisumbui. Lita 1 kwa hekta ya ile yenye gramu 40 kwa lita, kabla nyasi haijatoa machipukizi. Mahindi yanapona kwa P450, vimeng'enya vyao vinavyovunja dawa. Ndiyo maana ukipiga dawa ya viwavijeshi ya aina ya oganofosfati karibu nayo, P450 inafungwa na mahindi yanageuka njano, yanajikunja. Acha siku 7 katikati.

Yaya_Kipushi: Jembe lisidharauliwe. Nyasi hii inajichavusha yenyewe, chavua yake haivushi usugu mbali. Usugu unahama na mbegu, kwenye tope la tairi na samadi. Kama ni mashina machache, yang'oe kabla vidole vya suke havijakomaa, yachome palepale.

Mkulima_Kasenga: Vikopo nijaze udongo wa shambani?

Yaya_Kipushi: Ukaange kwanza kwenye bati, maana una mbegu zake tayari.