Mrejesho: Nimebadili programu ya kontroli boksi kwenye Hilux

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mwezi wa tatu niliuliza kama inafaa kuiongezea nguvu Hilux yangu ya dizeli, 3.0 D-4D, kwa kubadili programu ya kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini. Wengi mlisema "weka tu". Mmoja akauliza: klachi ina umri gani? Nikampuuza.

Basi nimeweka, laki nane, hapa hapa Mbeya. Fundi aliihifadhi kwanza programu ya kiwandani. Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Kitonga, ile milima mikali ya Iringa, niliyozoea kuipanda na gia ya pili, nyuma nina magunia ya viazi, safari hii niliipanda na ya tatu na mguu haujafika mwisho.

Kilio kilianzia Igawilo, naelekea Tukuyu. Mshale wa raundi za injini unapaa, gari haliendi. Klachi inateleza! Programu inaongeza upepo wa tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na dizeli. Vyuma ni vilevile vya zamani. Klachi mpya na ufundi vimezidi bei ya programu. Nikamrudia fundi apunguze kidogo, sasa gari limetulia. Yule mkuu wa klachi, nakudai soda… hapana, unanidai wewe.

Mafuta? Nikiendesha kistaarabu sioni tofauti.

Na mdogo wangu mwenye IST uliyetaka kunifuata: acha. Injini isiyo na tabo kama yako inaongezeka nguvu kiduchu, na Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi. Programu haitengenezi hewa. Nunua plagi na matairi.