Kihisi cha oksijeni kinayumba kwenye seli za tumbaku

Habari wakuu. Nakuza seli za tumbaku, aina ya BY-2, kwenye chupa za kutikiswa, gizani, nyuzi 26. Nimebandika kidoa cha kupimia oksijeni ndani ya kioo, nakisoma kutoka nje kwa waya wa fiba. Siku ya nne namba zimeanza kuyumba: 60%, mara 15%, mara 50%. Seli zinakosa hewa, au kihisi kimekufa? Nina hofu ya kuzipoteza.

Jibu: Mkuu, usikilaumu kihisi bado. Seli za mimea hushikana mabonge. Bonge likituama juu ya kidoa, unapima pumzi ya bonge hilo, si ya chupa nzima. Kidoa hung'aa kikimulikwa, na oksijeni inayokigusa ndiyo hufifisha mng'ao huo, kwa hiyo 15% yako yaweza kuwa kweli, ila ni ya hapo tu.

Muulizaji: Nimemulika kwa tochi. Kuna utando wa rangi ya maziwa, mnene kama ukucha. Nikizungusha chupa kwa mkono unabanduka, namba inapanda!

Jibu: Basi chupa ijayo kibandike pale kimiminika kinapopita kwa kasi, kisitoke majini. Na wingi wa seli usiupime kwa ukungu wa kimiminika (jinsi kinavyozuia mwanga) peke yake, mabonge hupotosha. Mimi huchuja, nakausha, napima uzito. Inachosha kweli, lakini naiamini.

Muulizaji: Nashukuru sana. Kesho nahamishia seli chupa mpya.