Tumbo la hedhi: wewe ulilitulizaje bila vidonge ulipokuwa shule? Tupeane uzoefu

Wadada, habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 14. Alipovunja ungo mwaka jana hakuwa na shida yoyote, lakini huu ni mwezi wa tatu mfululizo siku ya kwanza anajikunja kama jongoo na kutapika. Vidonge hawezi kumeza. Mimi enzi zangu nilikuwa nalala kifudifudi, mto tumboni, nalia kimyakimya. Hiyo siwezi kumrithisha. Nyie mlifanyaje?

Mama Mapacha: Chupa ya maji moto. Ila mwanzoni nilikosea, nilikuwa nasubiri liume kwanza ndipo nichemshe maji. Baadaye nikajifunza kuusoma mwili wangu: kiuno kikiwa kizito na mapaja yakivuta, kesho damu ipo. Basi jioni hiyohiyo naanza kukanda, chini ya kitovu halafu kiunoni, dakika ishirini hivi, napumzika, narudia. Na chupa uizungushie taulo! Mimi niliiweka kwenye ngozi tupu nikapitiwa na usingizi, nikaamka na lengelenge. Alama ninayo mpaka leo.

Kitabu Wazi: Kuhusu kuanza bila maumivu, nilielezwa hivi na nesi. Miezi ya mwanzo mara nyingi mayai hayajaanza kupevuka. Yakianza, utando wa mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazokaza misuli ili isukume damu nje. Misuli ikijikaza sana inabana hata mishipa inayoilisha, hapo ndipo unanyongwa. Kemikali hizohizo zikifika utumboni unatapika au unaharisha. Kwa hiyo mtoto hadeki, jamani. Na kama ni kumeza tu kunamshinda, dawa za maji zipo, muulize mfamasia.

Miguu Mepesi: Mtanicheka, mimi ni mbio. Si siku yenyewe, hiyo natembea tu taratibu, au napiga magoti na kuinamisha kifua mpaka chini. Nasema mwezi mzima, mara tatu kwa wiki. Miezi miwili sikuona tofauti yoyote, karibu niache. Wa tatu nikashangaa niko darasani siku ya kwanza.

Nimechoka Kuvumilia: Kwangu vyote hivyo viligoma. Nikaambiwa "ukizaa litaisha". Maumivu yakaanza kunifuata hata siku zisizo za hedhi, na shule nakosa siku tatu kila mwezi. Daktari wa kwanza alinirudisha nyumbani. Miaka ikapita ndipo mwingine akaniambia ni endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba inaota nje yake. Huyo wa pili kilichomfungua macho ni daftari langu: tarehe, linauma wapi, siku ngapi. Mnunulie mdogo wako daftari leo. Na kama kila mwezi linazidi wa nyuma yake, usikae naye nyumbani mnakanda tu.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Kwake ni siku moja, ya pili anaruka kamba, lakini daftari tumeanza. Jioni hii kaniambia mapaja yanavuta. Maji yako jikoni.