Mjadala: Mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) aliyetulia, apunguziwe dawa?

Dada Mlezi: Ndugu zangu, mdogo wangu alikuwa ametulia miaka 3, anashona viatu na kujilipia kodi, hadi alipoacha dawa kimyakimya. Nilipoanika godoro lake juani nilikuta vidonge zaidi ya 20 vimeviringishwa ndani ya kitambaa. Baada ya wiki chache alikuwa halali, akidai majirani wanayasikia mawazo yake. Nasikia wapo wanaohimiza dozi zipunguzwe. Mimi nasema anayeacha dawa iliyomponya ni mkaidi, na mzigo wa ukaidi wake tunaubeba sisi.

Fundi Cherehani: Dada, neno hilo limeniuma, kwa kuwa nami nameza vidonge hivyo mwaka wa 11 sasa. Nimewahi kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili mbele ya wakwe zangu na bado kikamwagika. Mkono unaotetemeka hautungi uzi, na kliniki huniuliza kama nimemeza, haiulizi dawa inanifanyaje. Huo ndio ukaidi?

Muuguzi wa Zamu: Tumeshika neno, tukaliacha swali. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2023 ulihusisha watu 253, na sehemu yao walipunguziwa dozi hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa madaktari. Baada ya miaka 2 maisha yao ya kila siku hayakuwa bora kuliko ya wenzao, na robo yao walirudiwa vibaya na ugonjwa, ilhali kwa waliobaki na dozi zao ilikuwa asilimia 13. Hao walisimamiwa, sembuse anayekata dawa ghafla peke yake! Fundi, mtetemeko wako una njia: daktari anaweza kubadilisha dawa, kurekebisha dozi au kukuongezea kidonge cha kuutuliza.

Mwanafunzi wa Famasia: Muuguzi, umetaja upande mmoja. Kuna utafiti wa Uholanzi wa 2013, uliofuatilia kwa miaka 7 watu waliougua kwa mara ya kwanza: waliopata nafuu kamili walikuwa kama asilimia 40 kati ya waliopunguziwa mapema, na asilimia 18 kati ya wengine. Nakiri kwamba mwanzoni waliopunguziwa ndio waliorudiwa zaidi.

Dada Mlezi: Asilimia hizo hazikukesha mlangoni kwangu mdogo wangu alipotaka kutoka usiku wa manane. Fundi, nalifuta neno langu, ila msituhesabu walezi kama maaskari wa vidonge. Anayetaka kupunguza amwambie daktari, na anayeishi naye ajulishwe, ili usingizi ukianza kupotea tuwahi.

Fundi Cherehani: Hapo tuko pamoja, na mimi siachi bila daktari. Lakini kabla hajavificha, mdogo wako hakukuambia vinamfanyaje?

Dada Mlezi: Aliniambia mate yanamtoka usiku na kwamba mkono umekuwa mzito kwenye sindano ya kushonea viatu. Nilimwambia avumilie.