Safari ya gari Uskoti siku tisa mimi na mzee, inawezekana ama naota?

Sweta_Mchana
Habarini wapendwa, poleni kwa maneno mengi lakini nisipoeleza vizuri mtanishauri vibaya.

Mwaka huu tunafikisha miaka kumi ya ndoa na tumekubaliana safari hii hakuna Mombasa. Si ati Mombasa ni mbaya, ni vile kila mwaka ni Nyali, kila mwaka ni jasho, na kila mwaka tunarudi tukiwa tumegombania feni. Mimi nataka baridi. Nataka mahali nitavaa sweta saa sita mchana na mtu asiniulize kama nina malaria. Tumeweka pesa kwa sako pole pole na watoto Agosti wanaenda kwa shosho Nyeri, kwa hivyo hiyo ndiyo nafasi yetu.

Mpango wangu ndio huu, na msinicheke. Tushuke London, tupande treni hadi Edinburgh, tulale siku moja, tukodi gari, tuzunguke ile njia yote ya kaskazini ya Uskoti wanayoiita North Coast 500, halafu tumalizie kisiwa cha Skye, turudi Edinburgh. Siku tisa zote pamoja. Nimeangalia nikaona hiyo njia ni maili 516, yaani kama kilomita 830, na hiyo haifiki hata kwenda Mombasa na kurudi, na Mombasa tunaendanga kwa siku moja. Sasa shida iko wapi? Lakini kuna mtu ofisini ameniangalia na huruma nilipomwambia, na hiyo huruma ndiyo imenileta hapa.

Mzee naye hana wasiwasi wowote, anasema ameendesha Probox mpaka Lodwar enzi zile lami ilikuwa imeisha yote, asiambiwe kitu kuhusu barabara za wazungu. Leseni yetu inakubalika huko? Na chakula je, kwa sababu huyu mtu bila ugali siku ya tatu anaanza kununa.

MamaT_Ruaka
Dada hongera kwa miaka kumi. Sisi tulienda miaka mitatu iliyopita mwezi wa tano, kwa hivyo wacha nikuambie yale hakuna mtu alituambia.

Leseni ni sawa. Mgeni anaendesha na leseni ya kwao hadi miezi kumi na miwili, na yetu iko kwa Kiingereza, ila kuna kampuni zingine zinapenda kuona na ile ya kimataifa, hiyo unapata hapa kwa AA, kile chama cha wenye magari, beba tu uwe na amani. Upande wa barabara ni ule ule wetu wa kushoto kwa hivyo hapo hamtasumbuka. Shida yetu ilikuwa kadi. Tulifika kaunta ya gari na kadi ya debiti ya benki yetu ya hapa, pesa zimejaa, mzee amesimama kifua mbele. Kijana akaangalia akasema hapana, kwao ni kadi ya mkopo tu na lazima iwe na jina la dereva mkuu. Sasa kadi ya mkopo nyumbani kwetu ni yangu. Ikabidi dereva mkuu niwe mimi, mtu ambaye Nairobi siendi mbali kuliko Village Market, na mzee tukamlipia kama dereva wa pili. Siku nane nilimwita Dereva wa Pili. Hakufurahia.

Kitu kingine, gari nyingi za kukodi kule ni za gia ya mkono. Kama nyinyi ni watu wa Vitz na Axio kama sisi, buku otomatiki mapema sana kwa sababu zinaisha na bei inapanda.

Halafu petroli. Aki hii bado inanichekesha. Tuliingia steshoni tukazima gari tukakaa. Tunangoja mtu wa pampu aje aulize ya ngapi. Dakika tano. Tunaangaliana. Nyuma yetu kuna mama mzee kwa gari ndogo anatuangalia na subira yote ya dunia. Ndio mzee akagundua kila mtu anashuka anajiwekea mwenyewe halafu anaingia dukani kulipa. Mpini wa kijani ni petroli na mweusi ni dizeli, usichanganye.

Sasa hiyo hesabu yako ya Mombasa ifute kabisa. Kule kaskazini magharibi sehemu kubwa ni barabara ya gari moja, gari moja kweli, wewe na yule anayekuja mnatumia mstari ule ule. Kila baada ya mita kadhaa kuna kijisehemu kimepanuliwa cha kupishana, kina kibao. Kikiwa kushoto kwako unaingia, kikiwa kulia unasimama hapo hapo ulipo mkabala nacho na yule mwingine ndiye anaingia. Mkishapishana mnainuliana mkono. Kila gari. Mzee siku ya kwanza alidhani watu wanamjua. Na kama kuna mtu nyuma yako ana haraka unampisha hapo hapo pia, si ati unamfungia njia kama mathree ya Waiyaki Way. Na usiegeshe hapo kupiga picha, wenyeji wanakasirika, na wana haki.

Kuna kilima kinaitwa Bealach na Bà, njia ya kwenda Applecross. Unatoka usawa wa bahari unapanda mpaka mita 626 kwa kona za kukunjana, kumbuka ile njia ya zamani ya kushuka Mai Mahiu halafu uikate nusu upana wake. Maana yake ni mpito wa ng'ombe, na mimi nasema wangewaachia ng'ombe tu. Tulikuwa karibu tufike juu, ukungu kama wa Kinale asubuhi, mara taa mbili mbele yetu, ni zile gari kubwa zenye kitanda ndani. Yule hawezi kurudi nyuma, nyuma yake kuna wengine watatu. Kwa hivyo sisi ndio turudi. Mzee wa Nairobi anajua kusonga mbele tu, kurudi nyuma kwa kona na shimo upande mmoja hakuzoea. Nikashuka. Upepo ulinipiga leso ikaruka kichwani ikaenda, sijaiona mpaka leo. Nikasimama nyuma ya gari nikaanza kugonga buti, kuja, kuja, kuja, kata kulia, kuja, shikaaa! Kama makanga wa matatu ya 105. Yule mzungu alipopita alifungua dirisha akatushukuru karibu mara nne na mkewe akapiga makofi. Tulipofika juu ukungu ulikuwa umejaa, hatukuona chochote, hata hiyo bahari wanayoipigia kelele. Tulikunywa chai ya themosi ndani ya gari na tukacheka mpaka vioo vikaingia mvuke.

Hiyo siku yote tulienda kilomita mia moja na kitu. Ndio ujue.

Mzururaji_Huru
Mimi nitakuwa yule mtu mbaya. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza nzima, ni mita 1,345. Nairobi uko karibu 1,800. Unalipa viza, nauli na gari ili uende ukaangalie mlima ulio chini ya stendi ya Kencom hapo tauni?

Nenda Afrika Kusini. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia siku 90 bila viza, wanaendesha kushoto, kilomita ni kilomita, na Agosti ni baridi yao kabisa. Zunguka Drakensberg, halafu Sani Pass mpaka Lesotho, juu pale ni mita 2,876, ukibahatika unapata theluji. Ila kupanda Sani lazima gari ya foo-bai-foo, usipeleke Vitz. Pesa utakayobakisha umalizie nyumba.

Sweta_Mchana
@MamaT nimecheka mpaka nikaitwa na bosi. Pole kwa leso.

@Mzururaji hiyo ya Kencom imeniuma lakini nyumba tumeshaamua itangoja. Sani Pass nimeiandika mahali. Ni vile mimi tangu nikiwa mdogo natamani huko Uskoti, shosho yangu ni mtu wa Thogoto, kanisa la PCEA damu damu, na alikuwa akituambia hilo jina Thogoto ni Scotland tu vile wazee walivyoshindwa kulitamka. Nikiwa mtoto nilidhani Uskoti ni mahali pengine baada ya Dagoretti.

Kaka_wa_Aberdeen
Ni kweli kabisa hiyo ya Thogoto, ni wale wamishonari wa Church of Scotland. Kwa hivyo dada unaenda kwenu.

Nilisoma Aberdeen na nimeendesha sana huko juu. Mzururaji hajakosea kuhusu urefu wa milima, lakini ile milima inaanzia baharini na haina msitu wa kuificha, ni nyasi, mawe na maji yanashuka kila mahali, unaiona yote kutoka chini mpaka juu ukiwa umekaa kwa gari. Na baridi yake haitoki kwa urefu, ni ile kuwa mbali kaskazini na upepo wa Atlantiki. Agosti mchana unaweza kupata digrii 17 hivi, yaani Limuru ya Julai, na mvua juu yake. Sweta utavaa usijali.

Ushauri wangu, toa North Coast 500 yote. Wenyewe wanakuambia upate wiki nzima kwa hiyo peke yake, na wewe kwa siku tisa umeshaweka London, treni na Edinburgh ndani. Ukilazimisha utaona Uskoti kupitia waipa. Fanya hivi: chukua gari Edinburgh, panda mpaka Glencoe, lala hapo ama Fort William usiku mbili. Siku ya kwanza usifanye kitu, egesha tu Glencoe uangalie. Ni bonde limebanwa na milima pande zote na lina huzuni fulani, mwaka 1692 watu wa ukoo wa MacDonald waliuawa pale na askari ambao wao wenyewe walikuwa wamewapokea kama wageni majumbani mwao, na hata ukiwa hujui hiyo hadithi pale pananyamazisha mtu. Kutoka Fort William unaenda Mallaig, njiani kuna daraja la treni la Glenfinnan lenye matao 21, halafu unaingiza gari kwa feri unavuka mpaka Skye. Skye lala usiku tatu nyumba moja. Tatu. Msihamehame na masanduku, kufungua na kufunga sanduku ndiko kunaleta vita kwa wanandoa kuliko barabara. Kurudi unatoka kwa daraja, siku hizi halilipiwi, ngome ya Eilean Donan iko hapo karibu, ilibomolewa 1719 ikajengwa upya karne iliyopita na imekaa kwa maji kama imepangwa ipigwe picha. Halafu unateremka na Loch Ness hadi Inverness, unalala, unarudi Edinburgh kwa A9.

Hiyo A9 mzee aambiwe mapema. Kamera zake zinapima wastani wa spidi kutoka moja hadi nyingine, ile yetu ya kupunguza ukiona polisi halafu unakanyaga tena haisaidii. Na vibao vyote ni maili. Kibao kikisema 60 ni karibu kilomita 97 kwa saa, na dashibodi pia ni maili, kwa hivyo fuata namba vile ilivyo usianze kupiga hesabu ukiwa kwa kona. Pombe pia, Uskoti kiwango chao ni cha chini kuliko Uingereza kwenyewe tangu 2014, anayeonja wiski mchana asiguse usukani, ni vile tu.

Agosti kuna kitu kimoja kibaya. Kuna visubi vidogo kuliko unga, wanakuja kwa maelfu asubuhi na jioni kama hakuna upepo, wanaingia masikioni, puani, kila mahali. Mbu wa Kisumu ana adabu. Kukiwa na upepo kidogo tu hawawezi kuruka, kwa hivyo ukipata mahali pa kukaa pwani au juu penye upepo shukuru. Nunua neti ya kichwa, ni ya bei rahisi, utaonekana kichekesho lakini kila mtu ako nayo. Mei ingekuwa bora ila naelewa maneno ya shule.

Na nyumba buku sasa hivi, leo. Skye Agosti inajaa, nimewahi kulala kwa gari Portree nikiwa na pesa mfukoni. Viza nayo baada ya kutoa alama za vidole kawaida ni kama wiki tatu, lakini msimu wa watu wengi usingoje Julai.

MamaT_Ruaka
Nimesahau chakula! Chukueni nyumba yenye jiko. Sisi tulibeba unga kilo mbili na hakuna aliyetuuliza, lakini nyama na maziwa usijaribu kuingiza. Sukuma ya Uskoti ipo, wanaiita kale, imejikunja kama imepigwa pasi vibaya ila ukiikaanga na kitunguu inakubali. Na mzee umpe haggis, ni moyo, ini na mapafu ya kondoo na oti, yaani binamu wa mutura, ile soseji yetu ya matumbo. Wangu alikula sahani mbili akauliza kama kuna kachumbari. Kuna na supu yao ya samaki wa moshi na viazi na maziwa, hiyo siku ya mvua usiulize.

Sweta_Mchana
Wapendwa Mungu awabariki. North Coast 500 nimeitoa, imeniuma kama kutoa jino. Tumebuku nyumba Skye usiku tatu, iko juu karibu na bahari, mwenye nyumba ameandika mwenyewe kwa maelezo kwamba pana upepo mwingi nikasema amina. Otomatiki nimepata moja ndogo.

Mzee nimempa simu jana usiku asome hii yote. Amesoma kimya mpaka mwisho, hata kwa Bealach hakucheka. Halafu akauliza, kadi ya mkopo hapa nyumbani ni ya nani?

Ni yangu.